Mama yake Kamala Harris: kwa nini Mhindi wa Madras aliwalea binti zake kama Weusi?

#1 Mchukuzi wa Feri
Salaam wadau. Hili limenikaa kichwani tangu kampeni za Marekani za 2024 na sijapata wa kunijibu.

Shyamala Gopalan, mama mzazi wa Kamala Harris aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alizaliwa Madras, India (leo Chennai) mwaka 1938 kwenye familia ya Wabrahmani wa Kitamili, tabaka la juu la Wahindu, baba yake mtumishi wa serikali. Mwaka 1958, akiwa na miaka 19, akapanda kwenda chuo kikuu cha Berkeley, California, peke yake. Udaktari kaupata 1964, na mwaka huohuo Kamala kazaliwa. Akawa daktari wa saratani ya matiti hapohapo Berkeley hadi alipofariki Februari 2009, naye kwa saratani, ila ya utumbo mpana.

Siulizi siasa. Mimi mtoto wa Kariakoo, Wahindi nimekua nao, kriketi ya uchochoroni tumecheza wote. Lakini binti wa Kibrahmani kuolewa na Mtu Mweusi mwaka 1963? Na hata baada ya kuachana na mume, watoto wawe wanapelekwa kanisani kwa Weusi na kukuzwa kama Weusi? Hapo naomba darasa. Alipenda, alifuata siasa, au alibanwa?

#2 Kasuku Bubu
Naweka kigoda. Karanga ninazo.

#3 Mzee wa Erogramu
Mleta uzi, makosa mawili kabla hatujaenda mbali.

Kwanza, hakuwa daktari wa kutibu. Kiswahili chetu kinatuponza hapa, maana aliyesomea shahada ya uzamivu na anayechoma sindano wote tunawaita daktari. Huyu alikuwa mtafiti, mtu wa maabara. Pili, hakukaa Berkeley moja kwa moja. Mume alipokuwa akifundisha Illinois na Wisconsin naye alifanya kazi huko. Halafu Kamala akiwa na miaka 12 mama akahamia na binti zake Montreal, Kanada, akafanya utafiti kwenye hospitali moja kubwa ya huko na Chuo Kikuu cha McGill miaka 16 hivi. Kamala kamaliza sekondari hukohuko, 1981. Mama alirudi California baadaye, akamalizia kazi kwenye maabara ya Lawrence Berkeley.

Kwa swali lako: siasa. Walikutana 1962 kwenye mikutano ya Afro-American Association, wanafunzi Weusi waliokuwa wakisoma vitabu na kubishana juu ya ukoloni na utumwa. Donald Harris, Mjamaika, mwanauchumi, alikuwa ametoka kuzungumza. Binti mfupi aliyevaa sari akamfuata kumuuliza zaidi. Mwaka uliofuata wakaoana. Sasa mtu ambaye marafiki zake, mume wake na mabishano yake ya usiku yote yako humo, unataka watoto awalee wapi?

#4 Nesi wa Zamu
Mzee heshima yako, ila hiyo ni sababu ya mtu aliyekaa maktaba. Mimi nipo Uingereza mwaka wa 17, nauguza. Nina binti wawili, baba yao wa hapahapa, mzungu. Nyumbani nawaambia nyie ni Wachagga nusu. Wakitoka nje ya mlango, nani anauliza unusu? Dereva wa basi anaona mtoto mweusi, mwalimu naye vilevile. Mlinzi wa duka anaona mtoto mweusi halafu anamfuata nyumanyuma mpaka kwenye rafu za maziwa.

Mama yule aliona mapema kwamba ile nchi imeshawaamulia binti zake. Kamala ameandika hivyo mwenyewe, kwamba mama alijua nchi aliyohamia itawaona yeye na mdogo wake Maya kama wasichana Weusi, akaazimia wakue wakijiamini na kujivunia. Hakuwachagulia rangi, aliwavika koti kabla ya baridi.

#5 Kichwa Nazi
Hivi huyu si ndiye aliyeshindwa uchaguzi? Mbona tunamuombolezea mama yake?

#6 Mchukuzi wa Feri
#5 nimesema sitaki siasa. Chukua kigoda ukae na Kasuku.

#3 asante, nimekubali kosa. Lakini siasa ya ujanani huisha. Wangapi tuliimba nyimbo za ukombozi chuoni na leo watoto wetu hawajui hata Samora ni nani?

#7 Bintiye Mpishi
Hakuna aliyemtaja jirani, nashangaa sana.

Baada ya ndoa kuvunjika, Shyamala alipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya rangi ya njano Bancroft Way, Berkeley. Karibu hapo alikuwepo Bi. Regina Shelton, mama Mweusi kutoka Louisiana, mwenye shule ya malezi ya watoto wadogo. Mama akichelewa maabara, binti wako kwa Bi. Shelton. Wanakula na kusinzia kwake, Jumapili anawapeleka kanisani Oakland. Kamala alipoapishwa kuwa Makamu wa Rais 2021, Biblia moja kati ya mbili alizowekea mkono ilikuwa ya bibi huyu.

Mtoto hulelewa na aliyepo. Mama mhamiaji, hana shangazi wala bibi wa kumkimbilia, na majaribio ya maabara hayajui saa kumi na moja jioni. Aliyempokea alikuwa mama Mweusi. Angempokea Mgiriki, leo tungekuwa tunaulizana habari za Ugiriki.

#8 Mpiga Ramli Mstaafu
#7 umeua.

#9 Mwana wa Tabora
#7 umenigusa pabaya. Mama yangu ni Mhindi, baba Mnyamwezi. Wameoana 1974. Ndugu wa mama walikata mguu nyumbani miaka kumi na kitu, na duka la mjomba lilikuwa mita mia mbili kutoka kwetu. Tukipita tunaenda shule anainama kupanga vibiriti. Nani alitulea? Bibi mzaa baba na majirani. Nazungumza Kinyamwezi kama maji, Kigujarati najua matusi na majina ya vyakula. Mama hakuchagua kutulea "kiafrika". Mlango mmoja ulifungwa, akapita uliokuwa wazi.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaojua: wazazi wa Shyamala walimtenga?

#10 Mzee wa Erogramu
#9 pole, na asante kwa kusema. Hapana, hawakumtenga, ndiyo maana kisa hiki kina utata. Baba yake, P. V. Gopalan, ndiye aliyemruhusu kwenda. Binti aliomba Berkeley kimyakimya, nyumbani wakasikia akishakubaliwa. Mzee akatoa sehemu ya akiba yake ya kustaafu kulipia ada na malazi ya mwaka wa kwanza. Simu nyumbani hawakuwa nayo. Wakawa wanaandikiana erogramu, zile karatasi nyepesi za buluu unazokunja zinakuwa bahasha zenyewe. Msidhani jina langu nimeliokota.

Kamala na Maya walipelekwa India mara kwa mara. Kamala anasimulia sana alivyokuwa akitembea na babu yake ufukweni Besant Nagar, hukohuko Madras, mzee na wastaafu wenzake wakijadili serikali na haki.

#11 Mdau wa Lusaka
Jambo bandugu. Mi ni wa Lubumbashi, naishi Lusaka. Huyo babu alifanya kazi hapa Zambia! Serikali ya India ilimtuma miaka ya 1960 asaidie mambo ya wakimbizi, watu waliokuwa wanakimbia Rhodesia baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake 1965. Kamala alikuja kumtembelea akiwa mtoto. Kwa hiyo mnaposema Mhindi asiyejua Waafrika, hesabuni na hiyo.

#12 Kasuku Bubu
Nyie, hii ni kweli au chai?

#13 Mdau wa Lusaka
Kweli kabisa. Alipokuwa makamu wa rais alikuja Lusaka 2023, na habari ya babu yake ilizungumzwa hapa mpaka tukachoka.

#14 Mtu wa Pipeti
Naomba niingilie kidogo, maana tunamkumbuka mama kama mama tu na kazi yake tunaipita kama kituo cha daladala kisicho na abiria.

Shahada ya kwanza alisoma sayansi ya maarifa ya nyumbani, Lady Irwin College, Delhi. Baba na kaka yake walikuwa wakimtania, eti huko mnafundishwa kupanga meza na kukaribisha wageni? Tasnifu yake ya Berkeley ilihusu kutenga na kusafisha kizuizi cha tripsini kutoka unga wa ngano usiokobolewa. Ndiyo, unga wa chapati. Tripsini ni kimeng'enya kinachovunja protini tumboni, na ndani ya ngano kuna kitu kinachokizuia.

Baadaye akaingia kwenye homoni. Kwa lugha ya barazani: homoni ya projesteroni inasafiri kwenye damu mwili mzima, lakini inasikilizwa tu na seli zenye kipokezi chake, kama mgeni anayepita mtaa mzima akabisha pale tu palipo na mlango. Yeye alikuwa kati ya waliochambua jeni ya kipokezi hicho kwa panya na namna titi linavyoitikia homoni. Leo mwanamke akikatwa kinyama cha uvimbe wa titi, moja ya vipimo vya kwanza ni kuangalia kama seli zina vipokezi vya estrojeni na projesteroni, ili ijulikane kama dawa za homoni zitamfaa. Sisemi aligundua yote peke yake, sayansi haiendi hivyo. Ila tofali lake limo ukutani.

Binti zake walikuwa wakienda maabara baada ya shule. Kamala alipewa kazi ya kusafisha pipeti, ile mirija ya maabara ya kunyonyea na kupimia vimiminika.

#15 Kichwa Nazi
Yaani PhD ya chapati. Mke wangu basi ni profesa.

#16 Nesi wa Zamu
#15 mkeo akisikia unamtaja huku atakupa tripsini ya mwiko.

#14 shukrani. Na huko kazini hakuteleza kama samli. Kuna waliokuwa karibu naye waliosimulia kwamba nafasi aliyotarajia California alipewa mwanamume mwenye uzoefu mdogo kuliko yeye, ndipo Montreal ikaja. Kamala naye ameandika alivyoona watu wakimchukulia mama yake kama mjinga kwa sababu ya lafudhi, au wakimshuku dukani. Mwanasayansi! Mimi nina vyeti viwili, na bado kuna mgonjwa alishaniomba nimwitie "nesi mwenyewe".

#17 Muscat Usiku
Assalam aleikum. Mie naona nyote mwapiga mbizi mbali na chombo. Nani kasema aliwalea kama Weusi tu? Majina yao hamuyaoni? Kamala Devi na Maya Lakshmi. Jumapili kanisani, siku nyingine hekaluni kwa Wahindu. Mama mwenyewe alikuwa mwimbaji wa muziki wa kale wa India Kusini, alishinda shindano la taifa akiwa kigori. Bamia alipika kwa manjano na mbegu za haradali, na akapika kwa kamba na soseji kama Weusi wa kusini mwa Marekani. Sasa huyo alilea kama nani?

Mie mama yangu wa Unguja, baba wa hapa Oman. Nyumbani Kiswahili na mama, Kiarabu na baba, na mtaani watuita Wazanzibari. Kila mmoja aona alichokileta yeye.

#18 Bintiye Mpishi
#17 bamia na kamba kwa nazi au bila?

#19 Muscat Usiku
Bila nazi. Ila nazi imo kisani, tena tele. Shangazi yake Kamala aliye Chennai, kabla ya uchaguzi wa mwanasheria mkuu wa California 2010, aliombwa avunjishe nazi hekaluni kumtakia mpwawe heri. Zikavunjwa 108. Akashinda kwa chini ya asilimia moja.

#20 Mpiga Ramli Mstaafu
Zingekuwa 107 tungekuwa tunazungumza mengine. Na mwaka 2024 hazikuvunjwa?

#21 Kasuku Bubu
Halafu kuna ile ya mnazi! Mama alikuwa akiwagombeza: sijui vijana mna nini, mnadhani mmedondoka tu kutoka mnazini? Kamala aliisema 2023 watu wakacheka, 2024 mtandao mzima ukawa minazi.

#22 Pwani si Kenya
Hapo sasa mmefika kwetu Kilifi. Mnazi haudondoshi mtu bure, ukimwona chini ya mnazi kavunjika nyonga jua ni mgema. Lakini kwa yule mama maana yake ni kwamba wewe hukuanguka tu kutoka angani, una waliokutangulia na mahali ulipo. Labda ni usemi wa Wajamaika, wana minazi, alioupata kwa mumewe.

#23 Mzee wa Erogramu
#22 au wa Kitamili. Madras iko pwani, minazi kibao.

#24 Pwani si Kenya
Au wa mama yeyote aliyechoka jioni.

#25 Fundi wa Kisumu
Nyinyi mnaongea kana kwamba huyu mama alikuwa peke yake enzi hizo. Mwaka 1959 Tom Mboya alipeleka ndege ya wanafunzi 81 kutoka Kenya kwenda Marekani. Baba yake Obama alikuwa humo, akazaa na mzungu, akaacha mtoto kwa mama. Donald Harris naye vilevile. Mababa wasomi hawa wanatoa mbegu, mama wa watoto wao wanatoa rais na makamu wa rais.

#26 Mzee wa Erogramu
Fundi, baba yake Obama hakupanda ile ndege. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia yake, ada akasaidiwa na watu wengine. Kosa hili hata wakubwa wamelirudia. Aliyekwenda kwa mpango ule mwaka uliofuata ni Wangari Maathai, akasoma Kansas.

Na tofauti muhimu: mgawo wa Wahindi kuhamia Marekani ulikuwa watu 100 tu kwa mwaka, kuanzia 1946 mpaka sheria ilipobadilishwa 1965. Huyu binti aliingia kama mwanafunzi. Hakukuwa na mtaa wa Wahindi wa kumpokea kama leo. Ndiyo maana #7 naye ana hoja.

#27 Baba Wikiendi
#25 pole pole na mababa. Donald Harris mwenyewe aliandika 2018 kwamba ukaribu wake na binti zake ulikatizwa ghafla 1972 baada ya vita vikali vya malezi mahakamani Oakland, na kwamba aliwekewa mipaka ambayo hakuiona ya haki. Hakuacha kuwapenda. Aliwapeleka Jamaika wakamjue bibi yao. Alikuwa akifundisha Stanford, si mlevi wa mtaani.

Mimi ni baba wa Jumamosi moja na nyingine. Miaka minne sasa. Nawasuka binti zangu nywele vibaya, wanarudi kwa mama yao wanafumuliwa na kusukwa upya. Basi hata huo Weusi wao, pengine nusu yake alioneshwa na baba hizo likizo. Mama alipewa malezi, akapewa na sifa zote.

#28 Bintiye Mpishi
#27 hatukusudii kukuumiza kaka. Ila aliyekuwa akiamka nao saa kumi usiku wakiwa na homa ni nani?

#29 Baba Wikiendi
Mahakama iliamua nani aamke.

#30 Nesi wa Zamu
Hiyo nimeimeza na maji.

#31 Mwana wa Tabora
Mkitaka kujua mzazi, msiangalie mtoto anapopaa. Maya, mdogo wake Kamala, alipata mtoto akiwa na miaka 17, mama hayuko na mume, mhamiaji, ndugu wako mbali. Kwa mama yangu ingekuwa matanga. Shyamala akawa bibi, akasaidia kumlea mjukuu. Maya akasoma Berkeley, akamalizia sheria Stanford. Kwangu mimi kisa chenyewe ndicho hiki.

#32 Mchukuzi wa Feri
#31 hilo sikulijua kabisa. Narudi kwenye swali langu naona limekuwa dogo. Mpaka sasa tuna siasa (#3), macho ya nchi (#4), jirani (#7), mlango uliofungwa (#9, ingawa wazazi hawakuufunga), alilea pande zote (#17) na baba kasahauliwa (#27). Nani anafunga hesabu?

#33 Mtu wa Pipeti
Ongeza tabia. Kuna watu ni wakaidi tu. Binti wa miaka 19 anayeomba chuo upande wa pili wa dunia bila kuwaambia wazazi, unamtafutia sababu ya nini? Kamala anasema mtoto akirudi nyumbani na malalamiko, mama hakumkumbatia kwanza, alimuuliza: na wewe ulifanya nini?

#34 Pwani si Kenya
Hiyo nayo ni ya mama yeyote.

#35 Muscat Usiku
Kwenye kifo chake kuna jambo mie hunitoa machozi. Alikuwa mtu wa kufuatilia habari na siasa, na ugonjwa ulipozidi akaanza kuacha hata gazeti, bintiye akajua. Swali lake la mwisho kwa muuguzi wa wagonjwa walio ukingoni mwa maisha lilikuwa kama binti zake watakuwa salama. Mmoja alikuwa mwendesha mashtaka wa San Francisco, miaka 44. Mwingine mwanasheria, ana mtoto mkubwa. Yeye bado auliza. Majivu yake Kamala aliyapeleka Chennai, yakamwagwa baharini. Bahari yetu hii hii.

#36 Nesi wa Zamu
#35 nimeulizwa swali hilo mara nyingi vitandani, na wazee wa kila rangi. Huwa nasema ndiyo.

#37 Kichwa Nazi
Nafuta #5. Hali ya hewa ilikuwa mbaya siku ile.

#38 Kasuku Bubu
Karanga zimeisha. Nesi, wale binti zako wa unusu wa Uchagga umewauliza? Wenyewe wanasema wamelelewa kama nani?

#39 Nesi wa Zamu
Mkubwa nimemuuliza sasa hivi wakati navaa viatu niende kazini. Hajainua hata macho kwenye simu. Kasema, "Kama watu wanaoachiwa chakula kwenye friji."

#40 Bintiye Mpishi
Hahahaa. Chakula gani?

#41 Nesi wa Zamu
Leo wali maharage. Bamia hawali.